Kambi ya Vunja Jungu

Kabla sijafika ninakotaka kufika, wacha kwanza niseme habari ya turubali. Nilikuwa na miaka sita, au saba, hakuna aliyeandika, na asubuhi hiyo ngariba alikuwa amekaa ukumbini kwetu Kisauni akinywa kahawa kwa raha zake, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe juu ya meza. Nilipokiona kile kitambaa nilitoka mlango wa uani kama paka aliyemwagiwa maji moto, nikakimbia mpaka kiwanjani alipokuwa akilaza lori lake tajiri mmoja wa Kibaluchi, nikajipenyeza ndani ya turubali lililoviringishwa pembeni. Mle ndani mlikuwa na giza na joto, na harufu ya mbata, ya mafuta ya gari na ya magunia ya pilipili. Nikalala. Walinitafuta kila mahali, hadi visimani walichungulia, na aliyenipata ni dereva wa lile lori, Kazungu, kijana wa Rabai, alipokuja kufunika mzigo wake. "Hee!" akasema. "Turubali lapiga chafya!" Nikamwomba kwa machozi asinipeleke. Akacheka, akaninunulia kashata ya nazi, akanishika mkono, tukaenda zetu polepole tukizungumza habari za magari, na alikonipeleka ni kwa ngariba. Nilitahiriwa kashata iko mdomoni.

Mtu ataniuliza, mzee, hayo yahusu nini? Hayahusu kitu. Ila tangu siku ile harufu ya turubali kwangu ni woga na utamu pamoja, na mwezi uliopita tulipomzika Rukia, binti wa ami yangu Bakari, huko Kiembeni, vijana walifunga turubali barabarani tupate kivuli, la kizamani, zito, sijui walilipata wapi. Nilipokaa chini yake nikawa siwasikii tena wanaosoma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko juu ya lori la Kazungu, natoka Kisauni naenda kambini. Mzee mmoja kando yangu, ambaye hata simkumbuki, akaniinamia sikioni, akanong'ona, "Si wewe uliyeuona mwezi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake. Basi nimeona bora niseme mwenyewe ilivyokuwa, kabla sijabakia kuwa mtu wa kunong'onwa.

Siku hizi kambi ni jambo la kulipia. Mjukuu wangu ana watoto watatu, na shule zikifungwa huwapakia kwenye gari na mama yao, wakaenda kulala kwenye mahema yenye zipu, na choo ndani. Watoto wanarudi na picha. Sisi kambi yetu ilikuwa ni vunja jungu. Ule mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, kabla ya Ramadhani kuingia, jamaa walikuwa wakitoka na wake na watoto na vyungu vyao, waende mashambani au ufuoni, wale mpaka washindwe, kama watu wanaoagana na chakula. Wengine walikwenda kutwa wakarudi. Sisi wa mtaa wetu tulikwenda siku tatu, ufuo ulio chini ya Utange, ambako siku hizi ukitoka Kisauni hata soda yako haijapoteza baridi umeshafika. Wakati ule tulikuwa tukiagana na majirani kama wanaokwenda kuhiji.

Mwaka ninaousema ulikuwa karibu na uhuru, bendera ilikuwa haijabadilika lakini kila mtu alikuwa akiizungumza. Na mwaka ule wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, ulikuwa ni wa Ami Bakari. Ami Bakari alikuwa amefanya kazi Likoni kwenye kambi ya watoto wa kizungu, wale waliokuwa wakishuka na treni kutoka bara na wazazi wao shule zao zikifungwa. Yeye alikuwa akiosha sahani. Lakini jicho halikuwa kwenye sahani. Aliona vile watoto wanavyoamshwa kwa filimbi, wanavyogawanywa vikosi, wanavyofunzwa kuogelea, kufunga mafundo, kutembea porini na ramani, na baba zao nao wamevaa kaptura wanacheza. Akarudi Kisauni na filimbi ya shaba ambayo alisema alipewa, na Bi Mwanaisha, mpishi wetu mkuu, alisema aliiba, na mimi usiniulize niko upande gani. Akatwambia, "Na nyinyi mna bahari hiyohiyo. Tena nyinyi ndio wenyewe."

Basi mwaka mzima tulikuwa watu wa filimbi. Kila Ijumaa alasiri, chuo cha Kurani kikifungwa, alitupeleka kwenye maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, akatufunza kuogelea, wasichana upande wao na shangazi zao, wavulana upande wetu. Alitugawa vikosi viwili, Papa na Nguru. Mimi nilikuwa Nguru, na bendera yetu ilikatwa kwenye leso ya Rukia, naye hajui mpaka alipoiona inapepea. Alinipiga konde la mgongo ambalo nalisikia mpaka leo, mvua ikitaka kunyesha. Ami Bakari aliandika ratiba kwa chokaa kwenye ubao wa sanduku la chai, naye Bi Mwanaisha akapita akausoma, yaani akasomewa maana hakujua kusoma, akasema, "Saa kumi na mbili kuamka, saa moja kuruka ruka. Na kujisaidia je, hukuandika saa yake? Watoto wa watu wangoje filimbi?"

Lakini kwa Ami Bakari haukuwa mchezo. Maalim Abdalla, aliyetusomesha chuoni, ndiye aliyekuwa akiangalia kiwanja cha wakfu huko ufuoni Utange, na Ami Bakari alikuwa akikitaka ajenge vibanda vya makuti, ili jamaa waweze kwenda na watoto wao kila shule zikifungwa, si vunja jungu peke yake. Alikuwa mtu wa thelathini na kitu, ameachwa na kazi mbili, mkewe amekufa, ana Rukia tu, na wakubwa walizoea kumwita "mtoto wa filimbi". Niliyasikia mwenyewe Maalim aliyomwambia, maana nilikuwa barazani namkanda miguu. Alisema, "Bakari, mwaka huu watoto nakuachia wewe. Wote, siku tatu. Nikirudishiwa wazima, na dini yao na adabu yao wanayo, kiwanja ni chako utumie." Ami Bakari akaubusu mkono wake. Alipotoka pale alikuwa akitembea kama amevaa viatu vipya.

Tuliondoka asubuhi ya tarehe ishirini na nane ya Shaabani. Lori la Kazungu lilibeba watu wa nyumba tisa, Maalim mwenyewe mbele kando ya dereva, mbuzi wanne, magunia ya mchele, madebe ya samli, mikeka, vyungu, majungu, masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, na juu yake sisi, tumekaa kwenye turubali lililokunjwa. Ilikuwa kaskazi, jua la kuunguza nywele. Kazungu kila akifika kwenye shimo alipiga kelele, "Shikaneni, wana wa wenyewe!" na akina mama wote kwa pamoja wakasema bismillahi, na majungu yakagongana kama kengele. Tuliimba. Papa walituzomea Nguru, Nguru tukawazomea Papa, mbuzi mmoja akamtafuna Bi Mwanaisha buibui, naye akamwambia yule mbuzi, "Tafuna, mwanangu, tafuna. Kesho kutwa zamu yangu." Sijui kama maishani mwangu nimepata kufurahi tena kwa kiasi kile. Nimeoa, nimezaa, nimekwenda Makka. Lakini ile ya lori ni nyingine.

Kambi ilisimama kabla ya adhuhuri. Turubali kubwa likafungwa minazini likawa nyumba ya wanawake, matanga ya zamani yakawa ya wanaume, na sisi watoto tulijengewa kwa magunia yaliyoshonwa pamoja, ambayo usiku yalitwachia vumbi la unga puani tukaamka tuna sharubu nyeupe. Siku mbili zile sikumbuki kama nilikaa kitako. Tuliogelea, tulirusha tiara, tulitafuta hazina kwa ramani aliyoichora Ami Bakari, na hazina yenyewe ilikuwa ni bati la halua alilolifukia, ila sisimizi walifika kabla ya Papa na kabla ya Nguru. Tulikula mahamri na mbaazi asubuhi, mchana samaki wa kupaka na wali wa nazi kwenye masinia, jioni mkate wa mofa na mchuzi. Usiku niliwasikia wanaume nje wakibishana habari za mwambao na uhuru, nani atakuwa wa nani, na sauti ya Ami Bakari ikisema, "Nyinyi jengeni serikali. Mimi nataka vibanda sita na choo." Wakamcheka. Lakini walimcheka vizuri, si kama zamani. Hata Bi Mwanaisha siku ya pili alikuwa akimwita "Bwana Kambi", na aliposikia filimbi ya chakula alikuwa akijibu, "Labeka, bwana mkubwa, wali washuka!"

Kilichokuwa kikingojwa ni siku ya mwisho. Mwezi ukiwa mchanga maji huwa ya bamvua, hupwa mpaka mwamba wa mbali unabakia mkavu, na Ami Bakari alikuwa ametuahidi tangu mwaka jana kututembeza kwa miguu mpaka huko kwenye mwamba, sote, na baba zetu na mama zetu, kuna bwawa ndani ya mawe ambalo alisema samaki wake wana rangi ambazo hazina majina. Tukirudi ndiyo karamu yenyewe, biriani ya mbuzi. Na haya yote yalikuwa yamewekwa tarehe thelathini. Sasa aliyekulia pwani ameshajua kasoro iko wapi. Shaabani haina lazima ya kufika thelathini. Mwezi ukionekana ile jioni ya ishirini na tisa, kesho yake ni kufunga. Hakuna mwamba, hakuna biriani, ni kufungasha alfajiri kila mtu akafuturu kwake. Ami Bakari alikwishawaza hilo, na akalifanya mchezo. Alisema Nguru na Papa watakuwa walinzi wa mwezi.

Jioni hiyo wakubwa na Maalim walikwenda kusimama barabarani, ambako paliangaza upande wa magharibi, maana ufuoni mwezi mchanga huuoni, minazi yakuziba. Mimi nilipangwa juu ya tanuu la chokaa lililoachwa, refu, la mawe, nyuma ya kambi. Jua likatua. Kulikuwa na mawingu ya kutosha, niliwasikia Papa wakipiga kelele, "Hakuna! Hakuna!" na moyo wangu ukawa unaitikia, hakuna, hakuna. Kisha wingu moja likasogea, na nikauona. Ulikuwa mwembamba, umelala, kama ufa kwenye sahani ya kauri. Nilifumba macho, nikafumbua. Upo. Wingu likarudi likaufunika.

Ami Bakari alikuwa chini peke yake, ameshika kiuno. "Vipi, Nguru?"

"Ami," nikasema, "nimeuona."

Akaniinulia uso. Halafu akasema, "Si mkia wa wingu?"

"La, ami. Mwezi. Pale juu ya ule mnazi uliopinda."

Akapanda, akasimama kando yangu, akatazama nilipomwonyesha, na hapakuwa na kitu ila mawingu mekundu. Nilikuwa namsikia anavyopumua. Akasema polepole, kama mtu anayehesabu, "Kesho maji yatapwa kuliko siku zote za mwaka." Kisha akasema, "Salimu, tangu alfajiri wakimbia juani. Macho yaliyochoka huona vitu."

"Naam, ami."

"Mimi nimetazama, sikuuona. Sivyo?"

"Ndivyo, ami."

"Basi usiwaharibie wenzio. Usimwambie mtu." Akavua filimbi shingoni mwake, akanivika mimi. "Kesho wewe ndiye utakayeipuliza."

Wallahi sitasema uongo kwamba nilihuzunika. Nilishuka lile tanuu nimekuwa mtu mkubwa. Maalim akarudi kutoka barabarani akatangaza, "Mwezi haukuonekana. Tutimize thelathini," na kambi nzima ikapiga vigelegele, na mimi nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Usiku tu, ndani ya magunia, nilijigeuza geuza kidogo. Rukia akanisemesha kutoka ng'ambo ya gunia, "Una nini wewe, una chawa?" Nikamwambia sina kitu.

Asubuhi nilitafuna hamri la kwanza polepole, nikingoja kuona kama kutatokea jambo. Halikutokea. La pili nikalila kama watu. Na maji yalipotoka, yakatoka, yakaendelea kutoka, niliusahau mwezi kabisa, nilivyo mimi. Hebu fikiri, bahari imeondoka! Tulikwenda safu mbili, Papa na Nguru, mimi mbele napuliza, akina mama wamekunja mabuibui viunoni, wazee wenye heshima zao wanateleza kwenye mwani na kushikana mikono kama maharusi. Maalim Abdalla alivua makubadhi! Tuliokota viti vya pweza vyekundu, vyenye ncha tano kama nyota, tukamkanyaga jongoo bahari akatutemea maji, mtoto mmoja wa Papa akaja mbio na pweza amemng'ang'ania mkono, analia na kucheka pamoja. Na bwawa lilikuwapo. Ami Bakari hakuwa ametudanganya. Tulilala kifudifudi kwenye mawe, watoto na wakubwa, vichwa vimezunguka lile shimo, na chini mlikuwa na samaki wa manjano wenye mistari ya zambarau, na wengine wadogo wa buluu ambao wakigeuka kwa pamoja ni kama mtu amewasha taa. Maalim alisema, "Subhanallah," kisha bila kuinua kichwa akasema, "Bakari, vibanda vyako sita vifanye vinane." Nilimtazama Ami Bakari. Alikuwa amejipangusa uso kwa maji ya bahari ili machozi yasionekane.

Tulirudi maji yakitufukuza visigino. Biriani ilikuwa imeshaiva, Bi Mwanaisha alifunua jungu akajitenga kando kama mtu aliyefungua mlango wa jumba lake. "Karibuni, mabaharia," akasema. "Na asiyemaliza sinia nitamrudisha mwambani." Tukakaa, wanaume kwao, wanawake kwao, watoto katikati. Nilikuwa na tonge la tatu mdomoni lori la Kazungu lilipoingia likipiga honi. Alitakiwa kuja magharibi, na sasa ilikuwa adhuhuri. Akashuka, akatutazama, akavua kofia.

"Mwala?" akauliza.

"Kwani watuona twafanya nini?" Bi Mwanaisha akamwambia. "Njoo ule, kafiri wangu. Nimekuwekea paja."

Kazungu akageuka huku na huku. "Mama, mimi si mtu wa kuwafunza dini yenu," akasema. "Lakini kote nilikopita leo watu wamefunga. Mzinga wa kuandama mwezi ulipigwa mjini jana usiku. Nimekuja mapema, nikajua mwangoja kurudi."

Watu wakatema kwenye mikono. Bibi mmoja akaanza kulia. Ni Maalim aliyeinua mkono, akasema kwa sauti yake ya chuoni, "Tulieni. Hapana dhambi. Hatukuuona, hatukuletewa habari. Jizuieni mpaka magharibi, na siku hii tutailipa. Watoto wadogo na wale." Na watu wakaanza kupumua, hata wengine wakacheka kidogo, na Bi Mwanaisha akalifunika jungu lake akasema, "Haya, basi, tutafuturia." Ingekwisha hapo. Ilikuwa imekwisha. Ila mimi lile tonge halikutaka kwenda juu wala chini, na maneno "hatukuuona" yalikuwa yamenikaa kooni pamoja nalo. Nikalitema mchangani, nikalia, nikasema mbele ya wote, "Mimi niliuona."

"Uliuona nini?" Maalim akauliza.

"Mwezi. Juu ya tanuu."

"Ukamwambia nani?"

Sikusema. Lakini macho hayana adabu, yakaenda yenyewe. Ami Bakari akasimama. "Aliniambia mimi," akasema. "Nikamkataza."

Maalim hakumtazama. Alinitazama mimi. "Una miaka mingapi, Salimu?"

"Kumi na miwili, maalim."

"Umebaleghe?"

Watoto wa Papa wakacheka. Nikatikisa kichwa.

"Basi," Maalim akasema, na sasa ndipo alipomgeukia ami yangu, bila hasira, ingekuwa bora angekuwa na hasira, "mngeniambia jana ningemuuliza hayohayo, na ningemwambia nenda kalale. Ushahidi wa mtoto haufungishi watu. Leo tungekwenda mwambani, na tungekula, na wewe ungekuwa huna lawama yoyote. Hukuwa na haja, Bakari. Hukuwa na haja ya kumfunza mtoto wa watu kuficha."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii na bado sijui kama yangeweza kusemwa kwa namna nyingine. Maalim hakutamka neno la kiwanja. Wala hakuna aliyezomea. Bi Mwanaisha tena akasema, "Bwana Kambi, kaa, jua kali," kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ami Bakari alikuwa amesimama na mikono yake ina samli mpaka viganjani. Akaenda kwenye debe la maji, akanawa mikono vizuri, kidole kimoja kimoja. Akapita karibu yangu, akaniwekea mkono kichwani, mwepesi, ungali una maji.

Kisha akaanza kwenda ufuoni, kushika njia ya kaskazini, upande wa Mtwapa. Rukia akainuka na sinia miguuni. "Baba, wenda wapi?"

"Naja," akasema.

Tukadhani anakwenda kupunga upepo. Wanaume wakaanza kufungua kamba za turubali, Kazungu akapakia majungu, watoto wakubwa wakarudi majini kupoza njaa. Mimi peke yangu nilikuwa nikimtazama. Hakwenda mbio, alikwenda kama mtu anayetembea zake, pale kwenye mchanga uliolowa ambapo ni rahisi kukanyaga, na maji yalikuwa yanajaa, yakimwondolea nyayo. Alipofika kwenye mawe yaliyoingia baharini akakunja nguo yake, akayazunguka. Tulimngoja mpaka magharibi tukafuturu biriani ya baridi, tukamngoja mpaka isha, Kazungu akapiga honi mara ngapi sijui. Hakurudi siku ile, wala nyingine.